Jicho Juu ya Kiota cha Kwazi: Kamera, Zebaki na Maji ya Kanda ya Dhahabu

Kila mwaka kuanzia Aprili hadi Agosti, watu wengi wa Scotland, Wales, Finland na Estonia hufungua kompyuta na simu zao kumtazama ndege mmoja: furukombe mhamiaji, yule mvuvi mwenye kichwa cheupe kilichopitiwa na mstari wa kahawia kwenye jicho. Kamera iliyofungwa juu ya kiota huwaonyesha yai likitagwa, jike na dume wakipokezana kuatamia kwa siku zipatazo 37, samaki akiletwa na kugawanywa vipande vipande, na makinda wakijirusha kwa mara ya kwanza wakiwa na umri wa wiki saba hivi. Mwishoni mwa msimu kiota hubaki kitupu na watazamaji wakaagana hadi mwakani. Lakini picha zinapoishia ndipo sehemu kubwa ya maisha ya ndege huyo inapoanza. Wengi wa Uingereza hushukia Senegal na Gambia. Wale wa Finland waliofungwa vifaa vya satelaiti wamefuatiliwa wakisambaa mbali zaidi, wengine hadi mashariki na kusini mwa Afrika. Kinda kwa kawaida harudi msimu unaofuata. Hukaa Afrika mpaka apevuke, mara nyingi hadi umri wa miaka miwili au zaidi, akijifunza kuvua katika maji ambayo hakuna mtazamaji wake wa Ulaya anayeyajua. Ndege anayependwa kwa majina na kufuatiliwa kwa dakika upande wa kaskazini huishi upande wetu bila kutazamwa na yeyote.

Furukombe hajengi kiota Tanzania. Huku kwetu ni mgeni wa miezi ya baridi ya Ulaya, anayeonekana ufukweni na kwenye mabwawa kisha akaondoka. Mwenyeji wa kazi hiyohiyo ya uvuvi ni kwazi, tai mwenye kichwa na kifua cheupe, tumbo la rangi ya kutu na mlio unaosikika mbali juu ya maji. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyo kusini magharibi mwa Ziwa Victoria katika mkoa wa Geita na yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 457 ukijumlisha maji yake, ina sifa ya kuwa na kwazi wengi. Ng'ambo ya maji hayo, bara, kuna ukanda wa dhahabu: mgodi mkubwa wa Geita ulioanza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu ulioanza 2001 upande wa Kahama, na kati yao maduara yasiyo na idadi ya wachimbaji wadogo kuanzia Nyarugusu na Mgusu hadi Rwamagasa. Swali ninalotaka kulipima ni kama inafaa kuweka kamera ya moja kwa moja juu ya kiota cha kwazi katika ukanda huu, na kwa faida ya nani. Jibu langu ni kwamba inafaa sana, ila si kwa sababu inayotangazwa kwa kawaida. Inatangazwa kuwa kamera huwafanya watu wampende ndege. Mimi nasema kwamba hapa thamani yake kubwa ni kuwa shahidi wa maji, na kwamba bila kupangwa kama ushahidi tangu siku ya kwanza itakuwa burudani ya watu wa mbali.

Tuanze na historia, kwa sababu kutazama kiota hakukuanza kama starehe. Huko Scotland furukombe walihesabiwa kuwa wametoweka kama ndege wa kuzaliana mwaka 1916, baada ya miaka mingi ya kupigwa risasi na kuibiwa mayai. Jozi ilipoanza kuzaa tena kando ya Loch Garten katika miaka ya 1950, chama cha kuhifadhi ndege cha RSPB kilificha mahali pake, kikaweka walinzi. Siri haikusaidia. Mwaka 1958 mwizi wa mayai alipanda mti usiku na kukiharibu kiota. Mwaka uliofuata George Waterston na wenzake wakafanya kinyume kabisa cha desturi: walitangaza mahali kiota kilipo na kuwaalika wananchi waje kutazama kwa darubini kutoka kibanda maalumu. Walifika watu wapatao 14,000 katika msimu mmoja, na makinda wakaruka salama. Kamera zilizokuja baadaye ziliirithi hekima hiyo, kwamba macho mengi ya wazi yaweza kulinda kuliko macho machache ya siri. Hata hivyo tusisahau kwamba adui wa Loch Garten alikuwa mtu mwenye mikono, mtu wa kuonekana na kukamatwa. Adui anayehofiwa zaidi katika maji ya Geita hapandi mti usiku, wala hakuna lenzi inayoweza kumnasa.

Zebaki ndiyo kiini cha suala lote. Mchimbaji mdogo akishapitisha mawe kwenye karasha na kuyaosha, huchanganya unga wenye dhahabu na zebaki, akapata donge la fedha-fedha, kisha hulichoma ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Sehemu huishia mapafuni mwa mchomaji na mwa jirani zake, sehemu huruka hewani na kuanguka na mvua, na sehemu hubaki kwenye marudio yanayorundikwa kando ya vijito. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu wanaitoa hewani duniani, zaidi ya theluthi moja ya jumla yote. Ikifika kwenye matope yasiyo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki-methili, na hiyo ndiyo inayoingia katika viumbe na kuongezeka kila kiumbe kimoja kinapomla kingine: kutoka mwani hadi dagaa, kutoka dagaa hadi sangara, kutoka samaki hadi mlaji. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliochukua jina la mji huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, paka walikuwa wamekwisha kuanza kuyumba na kufa, na ndege kuanguka, kabla ya madaktari kuelewa kinachowapata watoto wa wavuvi. Wanyama wanaokula samaki walikuwa wamebeba habari ile mapema, lakini hapakuwa na mtu aliyekuwa akiiandika. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa mwaka 2013 ulipewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Hapa msomaji makini atauliza: kamera itasaidia nini, ikiwa zebaki haionekani? Ni pingamizi zito, na jibu lake limo katika utafiti wa ndege mwingine. Katika maziwa ya kaskazini mashariki mwa Marekani kuna ndege wa majini aitwaye loon, mla samaki kama kwazi, ambaye watafiti walimfuatilia kwa miaka mingi katika majimbo ya Maine na New Hampshire. Waligundua kwamba wazazi wenye zebaki nyingi katika damu walikuwa wazito wa mwili na wa nia. Waliacha mayai bila kuatamiwa kwa muda mrefu zaidi, wakaleta chakula kidogo, na mwishowe wakakuza makinda pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko wenzao wenye damu safi. Sumu yenyewe haikuonekana kwa macho, lakini nyayo zake zilionekana katika mwenendo, na mwenendo ndio hasa kitu ambacho kamera ya kiota hukirekodi kuliko chombo kingine chochote. Kwazi hutaga mayai mawili kwa kawaida, huyaatamia kwa wiki sita hivi, na makinda hukaa kiotoni kwa siku 70 na ushee. Hiyo ni miezi karibu minne ya dakika zinazohesabika: mayai yalikaa wazi kwa muda gani, samaki wangapi waliletwa, wa aina gani, kinda yupi aliruka na yupi hakuruka. Ukiongeza manyoya machache ya kinda yaliyochukuliwa na mtaalamu kabla hajaruka, unapata kitu cha thamani kubwa zaidi. Zebaki iliyo katika manyoya ya ndege aliyekomaa yaweza kuwa imeokotwa popote, lakini kinda hajawahi kula samaki asiyevuliwa karibu na kiota chake. Manyoya yake ni taarifa ya maji ya mahali hapo, kwa msimu huo.

Wapo watakaosema kwamba hofu hii imepitwa na ushahidi, kwa kuwa utafiti uliofanywa katika ukanda wa dhahabu tangu miaka ya 1990, ukiwemo ule wa Ikingura na Akagi, ulikuta kwamba samaki wa Ziwa Victoria kwa jumla walikuwa na zebaki kidogo, chini ya viwango vinavyoruhusiwa kwa chakula. Ni kweli, na haifai kuificha ili hoja ipendeze. Wachunguzi wameeleza kuwa udongo wetu mwekundu wenye chuma kingi huishika zebaki na kupunguza inayofika kwa viumbe. Hata Rwamagasa, ambako shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda liliendesha mradi wa zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji yake huelekea bonde la Malagarasi na Ziwa Tanganyika, si Victoria. Upande wa Uganda nako kwazi walipimwa damu na manyoya katika miaka hiyohiyo ili kujua kama ndege huyo anafaa kuwa mpimaji wa afya ya ziwa. Lakini tafuta maana ya matokeo hayo kwa utulivu. Yalipatikana wakati bei ya dhahabu ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya leo, kabla wimbi la sasa la wachimbaji halijafurika, na kwa kupima siku chache katika mahali pachache. Habari njema ya mwaka mmoja haina nguvu ya kumlinda mtu wa mwaka mwingine. Kinyume chake, wakati wa kuanza kumbukumbu ni sasa ambapo mambo bado ni mazuri, maana bila kujua hali ya kawaida ilikuwaje, hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba imebadilika. Minamata ilikosa kipimo cha kabla, ikabaki kubishania kipimo cha baada.

Tuna mfano wetu wenyewe wa thamani ya kuhesabu, na haukutoka ziwani. Shinyanga ya miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na misitu ilifyekwa kwa maelfu ya hekta ili kuwanyima wadudu hao kivuli. Kilimo cha pamba, mifugo mingi na ukataji wa kuni vikamalizia kazi, hadi mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, haukuleta miujiza ya kigeni. Uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili, malisho yao ya akiba yanayofungwa msimu wa mvua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa. Tathmini iliyofanywa baadaye iliorodhesha aina zaidi ya 140 za ndege katika ngitili hizo. Nadhani sehemu hii haisifiwi vya kutosha. Miti ilirudi kwa juhudi za wakulima, lakini tunaweza kusema leo kwamba ndege nao walirudi kwa sababu tu kuna aliyekwenda kuwahesabu. Panapokosekana hesabu, kupotea na kurudi hufanana. Isitoshe, Shinyanga si mtazamaji wa pembeni katika habari za ziwa. Tangu mwaka 2009 mji huo na Kahama wanakunywa maji yanayovutwa kutoka Ihelele, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mama wa Kahama ambaye hajawahi kumsikia kwazi akilia anakunywa maji ya ziwa lilelile ambamo kwazi huvua, na samaki wake wa jioni, awe sangara au dagaa, ametoka humohumo.

Pingamizi la pili ni la takwimu: kiota kimoja si idadi ya ndege. Jozi moja yaweza kufeli kwa sababu ya dhoruba, uzee wa jike au ugomvi na jirani, na mtazamaji akadhani ziwa limeoza. Nakubali kabisa, na ndiyo sababu kamera moja pekee naiona kuwa hatari kuliko kutokuwa na kamera, maana hujenga uhakika wa uongo. Kinachotakiwa ni kulinganisha. Kiota kimoja kiwe Rubondo, ambako hakuna uchimbaji wala miti haikatwi, kingine kiwe kwenye ufukwe wa bara unaopokea vijito vya machimbo, kwa mfano kuelekea ghuba ya Nungwe, na viota vingine kadhaa vikaguliwe kwa boti bila kamera, mara chache kwa msimu. Serengeti ilikwisha kuonyesha kwamba picha nyingi na watu wa kawaida vinaweza kuzaa sayansi ya kweli. Mradi wa Snapshot Serengeti, ulioanza kutega kamera mwaka 2010, ulitawanya kamera 225 na kuwaomba watu wa kujitolea kupitia intaneti watambue wanyama. Zaidi ya watu 28,000 walishiriki, na majibu yao yalipojumlishwa na kulinganishwa na ya wataalamu yalikuwa sahihi kwa karibu asilimia 97. Kuhesabu samaki wanaoletwa kiotoni si kazi ngumu kuliko kutofautisha swala na swala. Kijana wa Chato aliyekulia mwaloni atamtambua sato, sangara au kamongo makuchani mwa tai haraka kuliko profesa wa mbali.

Swali la nani atazame linanigusa zaidi kuliko mengine. Picha za Serengeti ziko wazi kwa kila mtu, lakini ni wanakijiji wangapi wanaopakana na hifadhi waliowahi kuziona? Kutiririsha picha mchana kutwa hula bando kwa namna ambayo kijana wa Katoro au Masumbwe hawezi kulipia, na kamera ambayo wenye ziwa hawawezi kuitazama ni ya wageni hata ikifungwa kwenye mti wetu. Suluhisho halihitaji teknolojia ya ajabu. Kamera inaweza kuhifadhi picha zote mahali pamoja kwa ajili ya watafiti, na kutoa hadharani picha moja kila dakika chache pamoja na vipande vifupi vya matukio makubwa, ambavyo simu ya kawaida inavimudu na ambavyo redio za kanda zinaweza kuvisimulia kwa Kiswahili na Kisukuma. Shule za sekondari za ufukweni zenye kompyuta zipewe hesabu ya kila wiki kama kazi ya somo la baiolojia. Na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, kilicho Mwanza, na watafiti wa wanyamapori wa TAWIRI, ndio wawe na dhamana ya kumbukumbu.

Kuna jambo la huruma, nalo si dogo. Kinda mkubwa wa kwazi wakati mwingine humchokoa mdogo wake hadi afe, wazazi wakitazama. Kituo cha bahari cha Woods Hole, Marekani, kilikuwa na kamera ya furukombe tangu mwaka 2005. Miaka kadhaa baadaye jike wa kiota hicho alipoonekana kuwatelekeza na kuwadonoa makinda wake, watazamaji walijaza barua za hasira wakidai waokolewe, na mwaka 2016 kamera ilizimwa. Mimi simlaumu mtazamaji kwa kuumia. Yule asiyeumia hatasimama kutetea kitu. Ila kanuni lazima iandikwe na kutangazwa kabla yai la kwanza halijatagwa: kifo cha kawaida hakiingiliwi, dhara lililotoka kwa mtu, kama uzi wa nyavu uliomnasa kinda mguuni, hushughulikiwa na mtaalamu. Papo hapo eneo halisi la kiota cha bara lisitangazwe. Hapa busara ya Loch Garten haitufai moja kwa moja, kwa kuwa Rubondo ina askari wa shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, lakini mti wa bara una mtu mwenye shoka, anayetafuta matimba ya kushikilia duara lisiporomoke, na ambaye mti mkubwa ulionyooka ndio hasa anaoutaka.

Mtu huyo wa shoka ndiye anayeleta pingamizi ambalo sitaki kulipita haraka. Mchimbaji anayeshuka chini ya ardhi kwa kamba, anayechoma zebaki jikoni kwa kukosa mahali pengine, ana haki ya kuuliza kwa nini fedha zitafutwe kwa ajili ya ndege. Jibu la haki ni kwamba ndege si mshindani wake. Afya ya mchomaji hupimwa kwa mkojo na hewa, si kwa kiota, na mtu yeyote anayedhani kamera yaweza kuchukua nafasi ya vipimo hivyo, au ya vifaa vya kunasia moshi wa zebaki, amekosea. Lakini madhara ya zebaki-methili huangukia zaidi ubongo wa mtoto aliye tumboni, kwa njia ya samaki aliyeliwa na mama, na mama huyo aweza kuwa mke wa mchimbaji, au mwanamke aliye kilomita mia moja kutoka kwenye karasha. Hakuna anayempima kila msimu. Kwazi anayekula samaki haohao katika maji hayohayo, asiyekwenda sokoni kununua kutoka kwingine, ni kipimo cha bei nafuu cha hatari inayomngoja mtoto huyo, na hatuchelewi kukisoma kama tunakifuatilia.

Inabaki fedha, na pamoja na fedha, uhuru. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 kila mgodi hutakiwa kuandaa mpango wa mwaka wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kamera mbili, sola zake na vipimo vya maabara ni gharama ndogo ukilinganisha na madarasa na zahanati zinazojengwa kwa mipango hiyo. Sioni ubaya mgodi kulipa. Ubaya ni mgodi kushika swichi. Fedha zipite halmashauri na kuingia kwa watafiti, na kumbukumbu ziwe wazi kwa yeyote anayetaka kuzikagua, ziwe zinaupendeza mgodi, wachimbaji wadogo au serikali, au haziwapendezi. Muda nao upangwe kwa kipimo cha ndege. Misimu mitatu ya kwanza huenda isiseme chochote zaidi ya tofauti za kawaida za mvua na samaki. Miaka kumi ndiyo inayoanza kusema, na jozi ya kwazi yaweza kukitumia na kukiongeza kiota kilekile kwa muda mrefu kuliko huo. Buzwagi, kule Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na kusimamisha uzalishaji mwaka 2021. Kamera iliyofungwa kwa mkataba wa mgodi wa namna hiyo ingezimwa karibu na wakati ambapo marudio yanaachwa kwa mvua, kwa hiyo kifungu cha kuiendesha kiandikwe ndani ya mpango wa kufunga mgodi tangu mwanzo, pamoja na fedha za miaka itakayofuata kufungwa kwake.